Ishirini na Nne, Siyo Ishirini na Tano

Siku yangu ya kwanza kazini nilibeba projekta kichwani kutoka stesheni ya Tabora mpaka ofisi ya sinema, na Bwana Msimamizi akatembea mbele yangu mikono mitupu, akipiga mluzi. Gari la ofisi lilikuwa bovu siku hiyo, kama lilivyokuwa siku nyingi baadaye. Projekta ilikuwa imerudi kwa treni kutoka matengenezoni Dar es Salaam, ndani ya sanduku la mbao lenye pembe za chuma, na pembe moja ilinichimba utosini hata leo nikipapasa napajua mahali pake. Bwana Msimamizi alikuwa Mzaramo na mimi Mnyamwezi, kwa hiyo tangu tulipotajiana makabila heshima ilikwisha, ukabaki utani.

"Babu zako walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka hapa mpaka pwani kwetu," alisema bila kugeuka. "Wewe sanduku moja tu unahema?"

"Na babu zako waliwangoja kule wawauzie maji ya chumvi," nilimjibu.

Akasimama, akageuka. "Utafaa," alisema.

Ninyi mnaobeba sinema mfukoni ndani ya simu hamtanielewa nikisema kwamba sisi tulikuwa tunaipeleka kwa watu kwa gari, pamoja na jenereta, mapipa ya mafuta, milingoti miwili na kitambaa cheupe cha upana wa nyumba. Ofisi yetu ilihudumia Bukene, Igalula na vijiji vya katikati, vingine vikiwa kwenye njia ileile ya misafara ya zamani. Tulionyesha filamu za kuchemsha maji, za mizinga ya nyuki, za chanjo ya ng'ombe. Watu walitembea kutwa nzima waje kuangalia ng'ombe akidungwa sindano, ilhali ng'ombe wenyewe wamewaacha nyumbani.

Somo la kwanza alilonipa Bwana Msimamizi lilikuwa la kuhesabu. Filamu, alisema, ni utepe wa picha zilizokufa. Kila picha husimama mbele ya taa kitambo kidogo, mlango mdogo hufunga mwanga, utepe huvutwa, picha nyingine husimama. Zikipita ishirini na nne kwa sekunde moja, jicho huziunganisha na mtu hutembea. Sauti nayo imechapwa pembeni mwa utepe uleule, kwa hiyo mwendo wa picha ndio mwendo wa sauti. Huwezi kugusa kimoja ukaacha kingine.

Nilielewa vizuri zaidi tulipokuwa Bukene. Jenereta ilianza kuchoka katikati ya onyesho na mashine ikalegea. Daktari wa kike aliyekuwa akieleza habari za surua akaanza kunguruma polepole kama mwanamume aliyeamshwa usingizini. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Mama huyu kapatwa na nini?" Bwana Msimamizi hakucheka. Alinivuta sikio, kweli kabisa, akalisogeza karibu na projekta.

"Sikia inavyogonga. Ukibadili mwendo, umembadili mtu. Watu hawa wametoka mbali kuja kumwona daktari, wewe unawaletea zimwi!"

Tangu siku ile nilijifunza kuendesha mashine kwa sikio. Nilikuwa najua jenereta imepungukiwa kabla taa haijafifia.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuandikwa katika kitabu chochote cha ufundi. Filamu nyingi zilianza na mtu anayesalimu. Basi mtu akisema "shikamooni" pale kwenye kitambaa, wazee wa kijiji walikuwa wanaitikia "marahaba!" kwa pamoja, wote. Utamwachaje mtu amekusalimu usimwitikie? Lakini mtu wa kwenye filamu alikuwa hangoji. Wakati wazee wanaitikia, yeye alikuwa ameshasema maji yachemshwe kwa muda gani, na hakuna aliyemsikia. Bwana Msimamizi aliandika barua makao makuu, akaomba filamu ziache nafasi ya kuitikia. Nasikia huko waliisoma wakacheka.

Yeye hakusahau. Kikosi cha wapiga picha kilipokuja kutengeneza filamu ya maji safi Igalula, alikwenda akasimama nyuma ya mwongozaji wao, akagoma kutoka mpaka akubaliwe. Mimi nilikuwepo, nimepewa kazi ya kushika kibao cha namba.

Mwenye kuzungumza katika filamu ile alikuwa muuguzi wa zahanati ya pale, jina lake Kalunde. Alikuwa na mimba ya miezi sita, kaificha kidogo kwa khanga, na sauti yake ilikuwa nzito kwa mwanamke, sauti ya kutoka kifuani, ambayo ilikufanya utulie hata kama huna ugonjwa. Alikuja na dada yake mkubwa, Nyamizi, aliyetaka kuhakikisha kwamba hao wageni wa Dar es Salaam hawamsimamishi mjamzito juani. Bwana Msimamizi alimfundisha Kalunde yeye mwenyewe: "Salimu. Hesabu moja mpaka nne kimoyomoyo. Tikisa kichwa kama mtu aliyeitikiwa. Halafu endelea."

Kamera ikaanza kuzunguka. Kalunde akasimama karibu na mtungi, akatazama mbele, akasema, "Shikamooni, wazazi wangu."

"Marahaba," ikajibu sauti nyuma ya kamera.

"Kata!" Mwongozaji aliruka. "Nani huyo?"

"Mimi," alisema Nyamizi.

"Kwa nini umejibu?"

"Kanisalimia."

"Hakukusalimu wewe, anawasalimu wananchi!"

"Kwani mimi ni nani?" aliuliza Nyamizi. "Huyu ni mdogo wangu. Tangu ajue kusema, hajaniamkia nikanyamaza."

Filamu ilikuwa adimu na mwongozaji alikuwa na utepe wa kutosha mara moja tu zaidi. Alimwomba Nyamizi, safari hii kwa adabu, anyamaze. Nyamizi akachukua upindo wa khanga yake, akaufumbatia mdomoni kwa mkono mzima. Kalunde akasalimu tena. Mimi nilikuwa namtazama dada mtu, siyo yeye. Muda wote wa moja mpaka nne alikuwa amejiziba mdomo na macho yamemtoka, kama mtu aliyezuia kikohozi msikitini. Kalunde akatikisa kichwa, akaendelea na habari za maji.

Alijifungua salama, mtoto wa kike, wakamwita Tatu. Kabla Tatu hajajua kukaa, Kalunde alipata homa. Siku ya tano tulimzika. Nyamizi alimchukua mtoto, na Tatu amekua akimwita Mama Mkubwa.

Nilionyesha filamu ile miaka mingi. Kila kijiji watu waliitikia, na Kalunde alitikisa kichwa kwa wakati wake, na maelezo ya maji yakasikika yote. Nyamizi hakuja hata siku moja, wala hakumruhusu Tatu. Nilipomwalika alinijibu, "Idi, mimi sitaki kumwona mdogo wangu akitembea juu ya shuka halafu mkunje shuka mwende nalo." Sikumwalika tena.

Televisheni ilipoenea bara nilihamishiwa Dar es Salaam, kwenye chumba cha kuhamishia filamu za zamani ziingie kwenye kanda. Mkuu wangu mpya tulimwita Mhandisi Mkuu, mtu safi, mwenye kalamu tatu mfukoni, aliyeongea polepole kama anayekuamuru uandike. Kwake nilikuta hesabu mpya.

Televisheni za kwetu zilifuata umeme wetu, unaopigapiga mara hamsini kwa sekunde. Kwa hiyo picha zake si ishirini na nne, ni ishirini na tano, na kila moja imekatwa nusu mbili. Fikiri mtu anayepaka chokaa ukuta kwa mistari ya ulalo: kwanza anapaka mstari wa kwanza, wa tatu, wa tano, mpaka chini, kisha anarudi juu kupaka ile aliyoiruka. Ndivyo runinga ya zamani ilivyochora. Nusu hamsini kwa sekunde, upesi kiasi kwamba jicho halikuona mwanya. Ilikuwa njia ya werevu, maana mitambo ya wakati ule haikuweza kurusha picha nzima mara hamsini, na ukirusha nzima mara ishirini na tano tu kioo kinapepesa mpaka kichwa kinauma.

Sasa filamu ina ishirini na nne, televisheni inataka ishirini na tano. Ile moja inatoka wapi? Haitoki popote. Tulichofanya ni kuikimbiza filamu kidogo. Filamu ya dakika ishirini na tano inakwisha kwa ishirini na nne, na hakuna anayeona tofauti kwa macho. Lakini sauti hupanda. Haipandi sana, ni kama mtu aliyeinuliwa juu ya kigoda.

"Bwana Mhandisi," nilimwambia siku za mwanzo, "sauti zote zimepanda."

"Nani atasikia?"

"Mimi nasikia."

"Wewe fundi Idi hukuajiriwa kwa masikio." Kisha akalainika, maana hakuwa mtu mbaya. "Kila nchi yenye umeme kama wetu inafanya hivi. Ukirekebisha ya kwako, itatofautiana na za wote."

Alisema kweli, na mimi nilizoea. Filamu ya Kalunde ilipofika mezani kwangu, nilijua nasikia nini. Aliposema shikamooni nilimsikia amekuwa msichana, mwepesi, na kifua kimeondoka. Mkono wangu ulikuwa karibu kabisa na swichi ya kusimamisha mashine. Nikaacha kanda ijae. Baada ya miaka michache utepe wenyewe wa filamu ulianza kunuka siki, ambayo ndiyo harufu ya filamu inayooza, ukatupwa pamoja na mingine. Ikabaki ile kanda, na nakala moja niliyoitoa kwa ajili yangu mwenyewe.

Nilistaafu nikarudi Tabora. Sasa natengeneza runinga barazani kwangu Kanyenye, nikipenda, na nisipopenda nasema kifaa hakipatikani. Mwaka jana nikipanga masanduku niliikuta ile nakala, nikampelekea Tatu, ambaye ana cherehani tatu na wanafunzi wawili hapahapa mtaani. Alinishika mikono yote miwili. Akaenda nayo dukani kwa vijana wakaihamishia kwenye fleshi. Mimi nilijiona nimefanya wema mkubwa, nikalala vizuri.

Baada ya wiki alikuja, akakaa kwenye benchi langu kabla sijamkaribisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hivyo?"

"Mama Mkubwa amemkataa."

"Amemkataa nani?"

"Mama yangu. Nimemwekea, amesikiliza mpaka mwisho, amesema huyu siye. Anasema mmemtafutia mwanamke mwingine mkamwekea." Macho ya Nyamizi yalikuwa yameshapofuka miaka kadhaa kabla ya hapo, kwa hiyo uso wa Kalunde haukuweza kumsaidia. Alikuwa na masikio tu. "Baba, mimi nimemsikiliza wiki nzima. Nikishona namsikiliza. Nimeanza hata kuongea kama yeye, wanafunzi wananicheka. Sasa nimekuwa nikimwiga nani?"

Nilichukua kofia yangu tukaenda naye.

Nyamizi alikuwa amekaa mkekani akichambua mchele kwa vidole. Nilimwamkia, akaitikia kwa sauti ya chini. Tatu akawasha runinga yake, ile bapa, kubwa, ambayo hainunuliwi na fundi mwenye akili. Nikaona mambo matatu, na ninyi mnaojifunza kazi hii myashike.

La kwanza, Kalunde alipoinua mkono, ukingo wa mkono ulikuwa na meno kama kitana. Runinga za siku hizi hazipaki ukuta kwa kuruka mistari, huchora mistari yote kwa mara moja. Kwa hiyo ni lazima nusu mbili ziunganishwe kwanza. Picha iliyozaliwa kwenye filamu ina bahati: nusu zake mbili zilikuwa picha moja, zikikutana zinafungana bila mshono. Lakini vijana wa dukani walianza kuhesabu vibaya kwa nusu moja, wakaiozesha kila nusu kwa nusu ya picha jirani. Kila mkono ukawa mahali pawili.

La pili, runinga yenyewe ilikuwa inabuni picha za katikati ili mwendo uwe laini. Kalunde alikuwa anateleza kama yuko kwenye mafuta. Nilichukia kuliko yote. Ule uso wa katikati hakuna kamera iliyouona na hakuna mama aliyeuzaa.

La tatu, la sauti, mnalijua, na hilo halikuwa kosa la vijana wala la runinga.

"Dada," nilisema, "kosa ni langu. Ni yeye, ila nilimkimbiza."

"Umemfanya nini mdogo wangu, Idi?"

Nikamweleza. Ishirini na nne, ishirini na tano, umeme, Mhandisi Mkuu. Alisikiliza huku vidole vikiendelea na mchele. Mwishoni akasema, "Na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mimi nimekaa wiki nzima nadhani masikio nayo yananikimbia, yaende yalikokwenda macho. Kwamba nimemsahau sauti." Akasukuma ungo pembeni. "Nenda kamrudishe."

Nilikwenda. Nilifanya kazi siku tatu, na nawaambia sijawahi kufanya kazi kwa woga kama ule, hata mbele ya mawaziri. Niliunganisha deki yangu ya zamani na kompyuta ya mwanangu, nikaiingiza kanda upya bila kuiruhusu mashine ichanganye chochote. Nikasogeza hesabu kwa nusu moja. Nusu zikarudiana, meno yakapotea, na mkono wa Kalunde ukawa mkono mmoja wenye vidole vitano. Kisha nikairudisha ishirini na tano kuwa ishirini na nne, sauti pamoja na picha. Kompyuta ina kitufe cha kupunguza mwendo huku sauti ikibaki juu palepale; wanaona ni msaada. Nilikizima. Nikafumba macho nikasikiliza, kama Bwana Msimamizi alivyonivuta sikio Bukene, mpaka kifua kikarudi.

Kwa Tatu nilianza na runinga. Nikazima ule ubunifu wa picha. Halafu nikakuta inachora mara sitini kwa sekunde, na ishirini na nne haigawanyi sitini sawasawa. Basi inaonyesha picha moja mara tatu, inayofuata mara mbili, tatu, mbili, na mtu anayetembea anachechemea. Nilizunguka kwenye mipangilio mpaka nikapata mahali pa sinema, ambapo kila picha inapewa haki sawa na mwenzake. Tatu alisimama nyuma yangu akiuma kucha.

"Baba, na akikataa tena?"

"Akikataa tena, mimi nitakuwa nimemuua mama yako mara ya pili," nilisema, na sikuwa natania. Miaka yangu yote ya kazi nilikuwa najivunia sikio langu, na siku moja tu ambayo lilihitajika nililiambia linyamaze, kwa sababu mkuu aliuliza nani atasikia. Kila mkuu anayekuuliza hivyo, mjibuni kwamba yupo. Hujui anakaa wapi, pengine hajazaliwa, lakini yupo.

Nyamizi aliketi mkekani, miguu ameinyoosha, khanga mabegani. Tatu akakaa karibu naye lakini hakumgusa. Nikabonyeza.

Ilionekana zahanati ya Igalula, ukuta wake na kivuli cha paa. Mtungi. Kalunde akaingia kwa mwendo wake, wa mjamzito asiyetaka kuonekana mjamzito, akasimama, akatazama mbele.

"Shikamooni, wazazi wangu."

Moja. Nyamizi akainua mkono kuelekea mdomoni, nao umeshika upindo wa khanga. Mbili. Mkono ukasimama njiani, ukashuka.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, Kalunde, mdogo wangu."

Tatu akaweka kichwa begani kwake. Kwenye kioo Kalunde akatikisa kichwa kama mtu aliyeitikiwa, akaendelea na habari za maji.